Mkaa Chini ya Bikoni

Wahenga walisema ukitaka cha mvunguni sharti uiname. Wahenga hawakuwahi kufanya kazi ofisi ya upimaji wa ardhi. Ukitaka cha mvunguni, usiiname hata kidogo: vuta kitanda, na mwenye nyumba akipiga kelele mwambie apishe. Hiyo ndiyo iliyokuwa dini ya mkaguzi wa alama za mipaka, mwanamke wa makamo ambaye ofisini na mitaani waliacha zamani kumwita kwa jina lake. Walimwita Timazi, kama ule uzi wa fundi wa kupimia wima, kwa kuwa hakujua kupinda. Asubuhi ile, kabla hata hajapata chai, alikuwa ameshagombana na mtu aliyenolea visu kwenye alama ya mpaka, na mwingine aliyeing'oa akaifanya figa la jikoni. Huyo wa pili alimuuliza, kwa upole kabisa, kama serikali ingemletea figa lingine.

Kesi iliyomngoja ilikuwa nzito zaidi.

Fundi cherehani aliyeitwa Mama Pindo ndiye aliyegundua uhalifu, na aliugundua kwa kidole gumba cha mguu. Alikuwa mji mwingine akimuuguza dada yake. Aliporudi alishuka na mizigo yake, akaingia uwanjani kwa njia ileile aliyoipita miaka yote bila kutazama chini, na jiwe likamng'oa ukucha. Jiwe lenyewe lilikuwa bikoni: kipande cha zege chenye ncha ya nondo katikati na namba iliyogongwa juu, kuonyesha kiwanja kinaanzia wapi. Siku zote bikoni hiyo ilikaa pembeni, mdomoni mwa uchochoro. Sasa ilikuwa imeingia hatua moja ndefu ndani ya uwanja wake.

Alipiga kelele. Majirani walikuja, wakatazama, wakamwambia jiwe liko palepale, ni yeye aliyechoka safari. Haukupita muda ikaja amri: mstari wa mpaka, kwa mujibu wa bikoni, unakata kona ya karakana yake ya kushonea; kona hiyo imo ndani ya uchochoro wa umma; ibomolewe.

Saa mbili na nusu Timazi alipofika, tingatinga lilikuwa limeshaegeshwa barabarani, na dereva wake amelalia usukani, mdomo wazi.

"Mkaguzi, kabla hujasema lolote," alisema Mama Pindo huku pini mbili akiwa bado amezibana mdomoni, "mimi si mwendawazimu."

"Nani kasema wewe ni mwendawazimu?"

"Wote. Mpaka huyu aliyelala."

Dereva alifungua jicho moja. "Mimi sijasema kitu, mama. Mimi nimeambiwa saa sita nivunje. Mkiniambia nisivunje, nakwenda kulala kwangu."

Mama Pindo alimvuta Timazi ndani. Kwenye kona palikuwa na meza ya kukatia nguo, imejaa vitambaa vya buluu, na nyuma yake nguzo iliyobeba paa lote. Mafundi watatu waliendelea kushona bila kuinua vichwa, kama watu wanaokimbizana na mvua.

"Hizi ni sare za shule nzima," alisema. "Hiyo nguzo ikienda, paa linashuka. Nitashonea wapi? Juu ya mti?"

Timazi alitoka nje akatandaza utepe wa kupimia, akapima kutoka bikoni ya upande wa pili hadi hii, akalinganisha na ramani. Kiwanja kilipungua hatua moja.

"Kwa hiyo nimeshinda!" alisema Mama Pindo.

"Bado."

"Bado vipi? Si umepima?"

"Ramani ikisema hivi na jiwe likisema vile, sheria inalisikiliza jiwe. Tepe za zamani zilivutika kama mpira wa suruali. Jiwe halivutiki. Ila lazima liwe pale lilipowekwa na mpimaji, halijaguswa."

"Na hilo utalijuaje?"

"Chini ya kila bikoni kuna shahidi. Mpimaji anachimba shimo, anazika kitu kisichooza, anafunika na udongo kiasi cha upana wa kiganja, ndipo anamwaga zege juu. Mwizi hung'oa jiwe, akaenda nalo. Hajui kwamba kuna kingine kimebaki chini."

Mama Pindo alizitoa pini mdomoni. "Basi chimba."

"Nitachimba. Kwanza nataka kusikia kila mtu anasema nini kabla hajajua nitakachokuta."

*

Jirani wa ng'ambo ya uchochoro alikuwa mwalimu mstaafu, na alistaafu kila kitu isipokuwa sauti. Alimpokea Timazi juu ya ngazi zake za mbele, ngazi pana za saruji zilizoshuka mpaka ukingoni mwa uchochoro kama za ukumbi wa harusi.

"Mwanafunzi asiyejua mpaka wa dawati lake," alianza, "hukalia la mwenzake. Na huyu mama..."

"Mwalimu, ni wewe uliyepeleka malalamiko?"

"Ni mimi. Na sijutii. Cherehani zake zinaniimbia masikioni kila nikijilaza mchana."

"Amri haihusu kelele. Inahusu mpaka."

"Mpaka pia."

"Wakati Mama Pindo hayupo, ulimwona mtu akichimba pale?"

"Mimi hulala mapema."

"Nimeona mifuko ya saruji uani kwako."

"Natengeneza ukuta! Ni kosa kutengeneza ukuta?" Alinyoosha kidole kwa fundi mwashi aliyekuwa akisugua ukuta kwa mwiko, kijana mzito aliyeitwa Kokoto. "Muulize huyo."

"Nitamuuliza. Na bikoni ya kwako, ya kona hii, iko wapi?"

Mwalimu alikohoa. "Ipo."

"Ipo wapi?"

"Ipo... ipo hapahapa. Kwenye usawa wa ngazi. Hebu kwanza kamalizane na mwizi wa ardhi, mwanangu, ndipo uje unifanyie mtihani."

Timazi alimtazama mpaka Mwalimu akaanza kukagua kucha zake. Mtu huyu alikuwa na jambo analificha. Alikuwa na saruji, alikuwa na fundi, alikuwa na chuki. Upelelezi ungekuwa kazi rahisi kama chuki ingetosha.

*

Uchochoro ule ulikuwa na umbo la chupa. Shingo yake ilikuwa kati ya uwanja wa Mama Pindo na ngazi za Mwalimu, nyembamba, mkokoteni ukipita unakwaruza. Mbele ukapanuka, na tumboni mwake ikakaa nyumba moja ya bati jekundu. Mwenye nyumba hiyo alikuwa mpimaji mstaafu, mtaa mzima ukimwita Mzee Ramani. Kwa Timazi alikuwa mjomba, kaka wa mama yake, aliyemlea nusu ya utoto wake.

Hilo nalo lilimkera. Asubuhi alimwambia bosi wake, "Mjomba wangu anakaa mtaa huo, nipe kesi nyingine." Bosi akacheka. "Si ndiyo vizuri? Utapata na chai." Mkaguzi wa pili alikuwa likizo ya uzazi. Wa tatu hakuwahi kuajiriwa.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mpwa wangu. Unaingia mtaani kwangu unaanza kwa watu baki?"

"Niko kazini."

"Kazini siku hizi hamnywi chai?"

Akanywa. Sebuleni, kwenye msumari, ilining'inia timazi ya shaba ambayo mzee aliibeba miaka yake yote ya kazi. Alistaafu kabla mtaa huu haujapimwa. Kiwanja alikuja kukinunua baadaye, na hakuchoka kusema kwamba lau angekuwepo yeye, uchochoro ule ungepewa upana wa kueleweka. Timazi alimpendea ukali huohuo. Alipokuwa mtoto, uwanjani kwa bibi, walipanda vijiti vya mipaka ya mchezo, na chini ya kila kijiti mjomba akamfundisha kuzika kipande cha mkaa kutoka jikoni. "Usizike alama bila shahidi," alikuwa akisema. "Ni sawa na kufunga ndoa chooni."

Mke wa mjomba alikuwa amekaa dirishani, miguu imevimba, juu ya kiti cha mbao kilichofungwa fito mbili pembeni.

"Hujambo, mwanangu. Umeona usafiri wangu?"

"Huu ni usafiri, mkaza-mjomba?"

"Gari la wagonjwa haliingii. Linakwama pale shingoni. Basi kila siku ya kliniki ya figo vijana wanne wananibeba mpaka barabarani kama sofa la harusi. Mwezi uliopita mvua ilinyesha, wakateleza, sofa likaanguka." Alicheka peke yake. "Na kesho ni kliniki."

Mzee Ramani hakucheka. Alikuwa akitazama chai yake. "Ofisi yenu niliiandikia mpaka wino ukaisha," alisema.

Timazi alijua ni kweli. Alizikuta barua hizo kwenye kabati, zimefungwa kwa kamba.

"Mjomba, bikoni ya Mama Pindo imehama?"

"Mawe hayana miguu."

"Yana watu."

"Basi chimba. Ukimkuta shahidi chini, saini karatasi, tuendelee na maisha. Usipomkuta, mkamate Mwalimu shati. Si ndiye aliyeshtaki?"

*

Sururu ilikuwa ya Kokoto, na Kokoto alichimba mwenyewe kwa sababu hakutaka kuiazimisha. Saa nne watu walikuwa wamejaa. Dereva wa tingatinga alishuka ili aone vizuri.

Zege la juu lilikuwa jipya. Peke yake hilo si hatia: kanuni inaruhusu bikoni iliyopasuka ivishwe zege jipya, mradi shahidi wake wa chini hajaguswa. Lakini Kokoto alipolipiga, sururu iliruka, naye akatukana kwa mshangao.

"Nani kapiga zege hili?"

"Nilikuwa nataka kukuuliza wewe," alisema Timazi. "Saruji ya Mwalimu iko chini ya mikono yako."

"Mimi?" Kokoto alifuta jasho. "Mama, tazama hii. Saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne, imepimwa kama dawa ya mtoto. Mimi na saruji nyingi namna hii, wapi na wapi? Ukuta wa Mwalimu unaweza kuuchota kwa kijiko!"

"Unasemaje?" ilifoka sauti kutoka kwenye ngazi.

"Nasema ukuta wako ni imara sana, Mwalimu!"

Watu wakaangua kicheko. Timazi hakucheka, ila alimwamini. Fundi hatukani kazi yake mwenyewe mbele ya mwajiri wake kama si kweli.

Bikoni ikanyanyuka. Timazi akapiga magoti, akaondoa udongo kwa mwiko, taratibu, kiasi cha upana wa kiganja. Chini yake, katikati kabisa, palikuwa na vipande vya mkaa vilivyopangwa kwa utaratibu.

Shahidi alikuwepo.

Pakawa kelele. Mwalimu alipiga makofi juu ya ngazi. Dereva alijinyoosha, akaanza kupanda tingatinga lake. Mama Pindo hakulia. Alisimama na kidole chake kilichofungwa kitambaa, akatazama shimo kama mtu anayemtazama nduguye akimtolea ushahidi wa uongo.

"Jiwe limehama," alisema polepole. "Nitalisema hilo hata mkinizika nalo."

"Mkaguzi," aliita dereva, "niwashe?"

"Ukiwasha nitakutia wewe humo shimoni."

Timazi alikuwa na hasira, na hasira yake kwanza ilimwelekea Mama Pindo, kwa kukataa kushindwa. Kila kitu kilikuwa sawasawa. Nondo katikati, zege la uwiano halali, udongo wa kiganja kimoja, shahidi mahali pake. Alikuwa ametoa kalamu. Kilichomzuia ni kwamba katika miaka yake yote ya ukaguzi hakuwahi kukuta bikoni iliyo sawasawa. Wapimaji ni watu. Huchoka, hukosa kokoto, hujaziliza kwa mchanga. Hii ilikuwa kama imewekwa na kitabu.

Akarudisha kalamu mfukoni. "Kokoto, beba sururu. Twende nyuma."

Nyuma ya kiwanja cha Mama Pindo kulikuwa na bikoni nyingine, imefunikwa na magugu, ambayo hakuna mtu aliyekuwa na sababu ya kuigusa. Ilikuwa imewekwa na wapimaji walewale, kazi ileile. Kokoto alichimba akinung'unika kuhusu mgongo wake. Zege lilimeguka kama mkate wa jana. Chini yake, udongo. Chini ya udongo, mkono wa Timazi ukagusa kitu kikali.

Vipande vitatu vya kioo cha kijani.

Alikaa chini palepale, kwenye magugu.

"Umejikata?" aliuliza Kokoto.

"Hapana," alisema Timazi. "Afadhali ningejikata."

*

Kulikuwa na jambo moja tu la kuhakikisha. Alimwendea Mwalimu na safari hii hakungoja kukaribishwa.

"Wewe huna utepe, huna ramani, na ulikuwa hujui kama bikoni ina kitu chini yake mpaka tulipochimba. Ulijuaje karakana imevuka mpaka?"

"Niliambiwa na mtaalamu."

"Yupi?"

"Mjomba wako, nani mwingine! Alikuja tukinywa chai hapa, akasema, jirani, hebu tazama lile jiwe na ile kona. Akasema yeye ni mtu wa taaluma, si vizuri ashtaki, niandike mimi." Mwalimu alimtazama usoni, na kwa mara ya kwanza sauti yake ikashuka. "Kwani kuna nini, mwanangu?"

"Nenda kamwite. Aje kwenye shimo."

Wakati wanamngoja, alimwambia Mama Pindo aonyeshe mahali jiwe lilipokuwa zamani. Mama Pindo hakusita; alisimama mdomoni mwa uchochoro, akakanyaga. Kokoto akachimba. Udongo ulikuwa laini, uliowahi kufukuliwa. Ndani yake, vimetupwa ovyo pamoja na changarawe, vilitoka vipande vitatu vya kioo cha kijani.

Mzee Ramani alikuja kwa mwendo wake wa kunyooka, kofia kichwani. Nyuma yake, kwenye kiti cha fito, vijana walimbeba mkewe, ambaye hakukubali kuachwa ndani wakati mtaa mzima uko nje.

"Umemkuta shahidi?" aliuliza mzee.

"Nimewakuta wawili, mjomba. Wanapingana."

"Vipi?"

"Anayeiba mpaka bila kujua kazi huhamisha jiwe tu. Huyu alihamisha jiwe na akalizikia shahidi. Kwa hiyo si Mwalimu, na si Kokoto. Ni mtu anayeijua kazi. Zege lake limepigwa kwa uwiano halali, kwa ajili ya wizi! Mwizi gani anapima kokoto?"

Mzee alirekebisha kofia yake.

"Lakini alizika mkaa. Mkaa uliachwa zamani, mjomba. Watu wanachoma takataka kila mahali. Ukichimba popote unakutana na mkaa. Ikaja kanuni mpya, ikataka kioo cha kijani, vipande vitatu. Mtaa huu ulipopimwa, kanuni ilikuwa ya kioo. Kwa hiyo aliyefanya hivi anaijua kazi, ila aliiacha kabla ya kioo kuja. Nimehesabu watu wa namna hiyo mtaani hapa. Nimempata mmoja."

Mzee Ramani aliinama, akaokota kipande cha kioo kutoka kwenye shimo la zamani, akakigeuza kwenye jua.

"Nilivikuta hivi," alisema. "Nilidhani takataka. Nikasema, tazama watoto hawa, hata shahidi hawakuweka."

"Ukaweka wewe."

"Ulitaka nizike jiwe bila shahidi, kama mwizi?"

Kokoto alicheka kwa sauti, akagundua yuko peke yake, akanyamaza.

"Mzee Ramani!" Mama Pindo alimsogelea mpaka ukingoni mwa shimo. "Ulinifundishia mwanangu hesabu! Nikikuona nakupa shikamoo!"

"Nilikuomba kwa mdomo, mama. Nilikuomba hatua moja."

"Uliniomba nguzo ya paa langu!"

"Na mimi nilikuwa naombea mke wangu!" Sauti ya mzee ilipasuka, na kila mtu akatazama pembeni. "Nimewaandikia wao, wamekaa kimya. Nimekuomba wewe, umekataa. Wamemwangusha kwenye matope, mama. Mke wangu. Nilimwokota mimi mwenyewe. Hatua moja ya ardhi! Maisha yangu yote nimewagawia watu ardhi, ekari kwa ekari, nikakosa hatua moja."

"Mimi sikukutuma," alisema mkewe kutoka kwenye kiti. Hakupaza sauti. "Ungeniuliza, ningekwambia bora niendelee kuwa sofa."

Timazi alikuwa amekunja utepe wake. Sasa akaufungua tena. Kitu kimoja kilikuwa kimemkwaruza tangu asubuhi, na kwa kuwa siku ilikuwa imeshaharibika, aliona aiharibu mpaka mwisho. Aliweka ncha ya utepe pale vioo vilipotoka, akamwambia Kokoto ashike, akauvuta kuvuka uchochoro kwa upana ulioandikwa kwenye ramani.

Utepe ulivuka uchochoro. Ukafika ngazi za Mwalimu. Ukapanda ngazi ya kwanza, ukapanda ya pili, ndipo upana ulioandikwa ukatimia.

"Mwalimu," alisema Timazi, "nitakuuliza kwa mara ya mwisho. Bikoni yako iko wapi?"

"Kama nilivyosema, kwenye usawa wa..."

"Iko chini ya ngazi ya pili," alisema Kokoto. "Nilipozijenga nilimwambia, Mwalimu, hapa kuna jiwe lenye namba. Akaniambia, mwaga tu."

"Fundi asiye na adabu!"

"Na nusu ya hela sijalipwa mpaka leo!"

Timazi alimgeukia mjomba wake, na hapo ndipo uvumilivu wake wote, ule mdogo aliozaliwa nao, ulipokwisha. "Uchochoro huu unapitisha gari, mjomba! Ulipimwa kwa kupitisha gari! Kinachomziba mkeo ni ngazi za rafiki yako unayekunywa naye chai. Hukupima upande wa pili?"

"Nilimuuliza." Mzee alikuwa ametoa kofia. "Nilihamia ngazi zikiwa zimeshajengwa. Aliniambia bikoni iko ukingoni. Ni rafiki yangu. Utampimaje rafiki?"

"Kwa utepe!"

Kule barabarani dereva aliuliza kama sasa avunje ngazi.

"Huvunji kitu," alisema Timazi. "Mwalimu atapewa notisi kama inavyotakiwa, na kama hajaziondoa mwenyewe muda ukiisha, utarudi. Mama Pindo, bikoni inarudi kwako leo, kwa kioo na zege, mbele ya macho yako. Rudi kwenye sare zako." Alimtazama mjomba wake. "Kuhamisha bikoni ni kosa la jinai. Naandika taarifa, na jina naliandika."

"Utaniandika mimi."

"Nitakuandika."

"Mbele ya mtaa huu umenivua nguo," alisema mzee, taratibu sasa, kama mpimaji anayesoma pembe. "Ungekuja ndani. Ungeniambia kwa faragha, nikalirudisha jiwe usiku, na hakuna ambaye angejua. Nimekosea, nimekubali. Lakini mimi ni mjomba wako. Niombe radhi, mbele yao, kama ulivyonisema mbele yao."

"Karakana ilikuwa inavunjwa leo, mjomba, mchana. Mbele yao."

Mzee alitoa simu, akabonyeza, akaongea maneno machache akiwa amegeuka, kisha akamnyooshea Timazi. Sauti ya mama yake ilitoka ndani ya kipande kile cha plastiki ikiwa imeshajaa machozi na amri.

"Wewe mtoto! Huyo ni kaka yangu! Alikusomesha, alikununulia viatu vya kwanza vya kazi, halafu unamfanyia hivyo barabarani? Mwombe mjomba wako radhi. Sasa hivi, nikisikia."

Timazi alimtazama mkaza-mjomba kwenye kiti chake cha fito, na Mama Pindo aliyekuwa bado hajarudi ndani, na mjomba wake aliyeshika kofia kwa mikono miwili.

"Mama," alisema, "kesho ni kliniki. Nitakuja mwenyewe asubuhi, nishike fito ya mbele, na kila siku ya kliniki nitakuja mpaka ngazi hizi zitoke. Akiitwa mahakamani nitakwenda naye, nikae upande wake, na nikiulizwa nitasema yote, na kuhusu ofisi yangu pia."

"Sikukuuliza hayo. Nimesema mwombe radhi."

"Nimekusikia, mama. Siombi."